Herufi ya Baba Uliyoiuza Ujerumani

Kurotani Mabango,
Nanukamachi,
Aizu-Wakamatsu.
9 Februari 2019

Mpendwa Yasuhiko,

Neno hilo la kwanza nimeliandika kwa kuwa barua haina pengine pa kuanzia. Natumaini huko Düsseldorf mu wazima, wewe, mkeo Annegret na binti yenu Sayo. Sisi miili yetu ni mizima. Theluji imefika madirishani, na asubuhi napanda mwenyewe kuiondoa juu ya paa, maana Baba ametimiza miaka themanini na tatu na simruhusu tena kushika sepetu. Anakula vizuri. Nimekuambia hayo mapema kwa sababu yanayofuata si mazuri.

Tangu Mwaka Mpya unapiga simu na mimi nakata. Wewe ukianza kusema, mtu hujikuta amekusamehe kabla hajamaliza kukasirika. Kwenye karatasi huwezi kunikatiza.

Ilikuwa Novemba. Mama Nemoto, yule wa kiwanda cha miso ng'ambo ya barabara, aliingia dukani na aproni yake, bahasha mkononi.

"Fumie, hebu nisomee hii. Miwani ninayo, ila nadhani nimesoma vibaya."

Hakuwa amesoma vibaya. Kampuni moja ya Kijerumani yenye migahawa ya mboga ilikuwa inajiandaa kufungua tawi Sendai. Mawakili wake walimtaka aondoe herufi ya "mzizi", ile inayoanza jina la Nemoto, kwenye bango lake na kwenye lebo zake zote, eti ni nembo ya kampuni iliyosajiliwa. Siku thelathini.

Picha ya nembo ilikuwa ndani. Sikuhitaji kuitazama mara mbili. Hiyo ni herufi aliyoiandika Baba mwaka 1974, alipomwandikia bango mzee Nemoto, baba mkwe wa mama huyu. Mstari wa mwisho umepasuka kwa sababu brashi ilikuwa imeanza kukauka, na pembeni kuna tone la wino lililodondoka kwa bahati mbaya, mzee akakataa lisifutwe. Wewe umenakili mpaka tone. Unajiita mbunifu wa nembo, Yasuhiko, na hata tone lako mwenyewe umeshindwa kulidondosha.

Ndipo nikakumbuka Agosti ile ulipokuja nyumbani kwa sikukuu ya kuwakaribisha wahenga, ukapanda ngazi na kamera. Ulisema unataka kumbukumbu ya kazi za Baba. Ngazi niliishika mimi.

Usidhani naidharau kazi yako. Nami nachora nembo. Mwaka jana nilimchorea daktari wa meno na kinyozi. Lakini Baba, kabla ya kugusa brashi kwa ajili ya Nemoto, alikwenda wiki nzima kukoroga mapipa ya soya pamoja naye, kisha akatupa karatasi thelathini na kitu. Wewe mteja alikuambia anataka kitu cha Kijapani, ukafungua droo ya picha zako. Na kuandika unajua. Baba alitufundisha kwenye meza moja, na mkono wako aliusifu kuliko wangu, mimi niliyebaki. Sisemi hivi kwa wivu. Hapana, naona ni kwa wivu pia.

Siku ile ile nilikupigia. Unakumbuka ulivyonijibu?

"Dada, usikuze mambo. Herufi ni za watu wote, na Wazungu hawajui kutofautisha. Mwambie Baba amwandikie nyingine, si ndiyo kazi yake?"

Mikono yangu ilikuwa na rangi, kwa hiyo simu niliiweka mezani, spika ikiwa wazi. Baba alikuwa nyuma yangu na chai yake. Aliweka kikombe chini, akakaa kwenye benchi, na kwa siku tisa akaandika "mzizi", "mzizi", "mzizi", mpaka akapata mmoja aliouridhia. Akaupeleka ng'ambo mwenyewe.

Mama Nemoto aliutazama muda mrefu.

"Mzee, ni nzuri. Lakini ile siiondoi. Niliingia bibi harusi chini ya ile. Wakili wangu atauliza nani aliiuza. Nitasema sijui."

Alikuwa anakusitiri, mdogo wangu. Mwanamke ambaye nusura umfungie biashara alikuwa anakusitiri.

"Mimi ninajua," Baba akasema. "Nitasema mimi."

Desemba tulipanda treni kwenda kwa wakili huko Koriyama. Baba alibeba karatasi ya awali, yenye tarehe na mhuri wake. Akaeleza kwamba herufi ni yake, na kwamba aliyeiuza bila ruhusa ni mwanawe, Kurotani Yasuhiko.

Wakili akamwambia taratibu, "Mzee, si lazima umtaje mtoto."

"Lazima. Nisipomtaja, watadhani nimeiuza mimi mara mbili."

Akagonga mhuri. Stesheni alinunua vyakula viwili vya boksi, chake na changu. Tulirudi navyo nyumbani havijafunguliwa.

Januari kampuni ilirudi nyuma, ikamwomba radhi Mama Nemoto na kuifuta ile nembo. Sasa wanakuandama wewe, na ndiyo maana simu haziishi, na ndiyo maana ukamwandikia Baba akupe mstari mmoja tu, kwamba alikuruhusu. Mstari mmoja wa uongo, kutoka kwa mtu aliyetupa karatasi thelathini kwa herufi moja.

Agosti usije nyumbani. Ukija, anzia kwa Mama Nemoto, upige magoti kwenye sakafu ya kiwanda mbele ya wafanyakazi wake. Baadaye tutaona kuhusu mlango wetu.

Msalimie Annegret, hana kosa na simhesabii. Mwambie Sayo barua yake yenye picha ya paka imefika, na babu atamjibu kwa mkono wake. Shangazi Kiyono pia anawasalimu, hajui lolote. Wahenga wawalinde mama na mtoto. Kwa ajili yako bado sijaomba kitu.

Barua uliyomwandikia Baba ameisoma. Aliniambia nikujibu kwa neno moja tu, nalo ni hapana. Haya mengine yote ni yangu.

Bado dada yako,
Fumie