Neno Ambalo Halikuwa kwenye Karatasi

Uvira, Jumapili jioni. Mvua imenyesha tangu tulipotoka kanisani, ziwa limegeuka rangi ya udongo, na mimi sijala kitu tangu asubuhi. Chakula kipo.

Naandika hapa kwa sababu sijui nimwambie nani tena. Mke wangu nimeshamwambia. Alinitazama kama mtu aliyeingia nyumba isiyo yake.

Mimi ni mwalimu wa Kifaransa. Katika kartie yetu, mtaa wa kando ya ziwa, karatasi yoyote ikitoka ofisi za serikali, naitwa niisome na kuigeuza Kiswahili, maana wengi hapa ni wavuvi na wauza ndagala, wale dagaa wa ziwani, na Kifaransa cha ofisi ni kigumu hata kwa waliosoma. Nimefanya kazi hiyo miaka mingi, bure. Nilikuwa najivunia.

Wiki tatu zilizopita shefu wa kartie aliita mkutano. Mji unatengenezwa upya: barabara kando ya ziwa, taa, mahali pa wageni kukaa na kutazama maji. Nyumba zote za upande wa chini lazima ziondoke. Watu walikuja wengi na hasira zao, na polisi walikuwa wamesimama mlangoni. Shefu akanipa karatasi, akaniinamia sikioni: "Mwalimu, tuliza watu."

Karatasi ilisema asiye na hati ya parseli, yaani ya kiwanja chake, hatalipwa chochote. Ilisema pia kila mtu abomoe mwenyewe na kutoa vitu vyake kabla mashine hazijafika.

Nilisoma kimoyomoyo. Nikaona polisi. Nikaona vijana wameshaokota mawe. Nikasema kwa sauti: "Wote wenye nyumba watafikiriwa. Hakuna haja ya kukimbia."

Watafikiriwa.

Neno hilo halikuwa kwenye karatasi. Nililitoa kichwani mwangu. Watu walishusha pumzi, mawe yakaachwa chini, shefu akanipiga begani. Nilirudi nyumbani nikijiona nimeokoa watu. Na niseme lote: nyumba yangu iko upande wa juu, na hati ninayo. Ingekuwa chini, ningeisoma karatasi vile? Hata kidogo.

Yuko Mama Nabintu, mjane, muuza ndagala. Nyumba yake ya vyumba viwili, upande wa chini, bila hati, aliijenga tofali kwa tofali, baada ya maji kuchukua ile ya kwanza. Siku mbili baada ya mkutano alinikuta njiani. Kaka yake wa kijiji cha Runingu alikuwa amepata lori la kubeba mabati, mbao na milango, ili mama akajenge upya kule.

"Mwalimu, nitoe mabati ao niache?"

Nikamjibu asubiri.

Ningeweza kumwambia ukweli pale pale. Tulikuwa wawili tu, hakuna polisi, hakuna mawe. Niliona aibu kujirudi. Basi.

Alhamisi iliyopita mashine ilikuja. Jirani yake mmoja, ambaye hamwamini mtu yeyote, alikuwa ameshang'oa kila kitu mpaka misumari. Nyumba ya Mama Nabintu ilivunjwa mabati yakiwa juu. Nilisimama barabarani nikasikia yakikunjwa. Sauti ile sitaieleza.

Leo baada ya ibada alimtuma mtu aniite. Nilimkuta katika darasa la shule ya kanisa, ambako familia kadhaa zimepewa mahali pa kulala. Nilidhani ananiita anitukane, na kusema kweli nilitamani iwe hivyo. Kumbe alikuwa amenunua karatasi nyeupe na kalamu.

"Mwalimu, minye sijue Kifaransa. Uniandikie barua ya kupeleka ku biro ya shefu. Uweke ile neno ulisomaka, kama tutafikiriwa. Bakiona neno yao wenyewe, hawatakataa."

Nilishika kalamu. Nikaandika jina la mji, nikaandika tarehe. Nikaiweka kalamu chini.

"Mama, ile neno haiko kwenye karatasi," nikasema. "Ni mimi niliiweka."

Hakuelewa. Nikarudia. Akauliza polepole:

"Na karatasi ilisema nini?"

Nilikuwa nayo mfukoni, natembea nayo tangu Alhamisi. Nikamsomea yote, mstari kwa mstari. Nilipofika pale pa kutoa vitu kabla ya mashine, alifumba macho. Nikaendelea, kwa sababu chini kabisa kulikuwa na mstari mwingine ambao nao niliuruka: mwenye malalamiko ayalete ndani ya siku kumi na tano.

Siku hizo zimeshapita.

Hakulia. Afadhali angelia. Aliinuka akaenda kuita wenzake, wanawake sita na wazee wawili.

"Mukuje. Mwalimu anasoma tena. Leo anasoma ile ya kweli."

Nikasoma tena, nimesimama mbele ya ubao kana kwamba niko kazini. Hakuna aliyenipiga. Mzee mmoja aliuliza, kwa upole kabisa, kama zile karatasi zingine zote nilizowasomea miaka yote hii zilikuwa za kweli.

Zilikuwa za kweli. Lakini nilipomjibu, nilisikia mwenyewe jinsi jibu langu lilivyokosa uzito.

Mama Nabintu akasema, "Kesho tunaenda ku biro, sisi wote. Weye utatangulia. Utasema mbele ya shefu ile ulituambia, na nani alikuambia utulize batu. Minye nitakuwa nyuma yako."

"Siku zimepita, Mama."

"Zimepita kwa sababu ya nani?"

Nilitoka nikatembea kwenye mvua bila kujua naelekea wapi.

Mke wangu anasema nikienda nitapoteza kazi, maana shefu ana ndugu yake katika uongozi wa shule. Huenda ni kweli. Na hata nikienda, nani atarudisha mabati? Mashine imeshapita, biro ina mihuri yake, na sisi tuna karatasi iliyokwisha muda. Sioni kitakachotoka huko. Nimejaribu kusali. Nikajikuta natafuta maneno mazuri ya kumwambia Mungu, nikaacha.

Biro inafunguliwa saa mbili. Saa moja niwe mlangoni pa lile darasa.

Nimeandika haya hapa mtandaoni, kwenye ukurasa ambao watu wa kartie husoma, ili nisipate njia ya kugeuka. Jirani yangu unayesoma, ukinikuta nyumbani kesho saa tatu, usinisalimie.