Niuzishe Baiskeli Yangu kwa Radjabu, ao Niiache mu Salon?

Mama Christiane wa redio, jambo kwako na kwa bote benye banakusikiaka,

Minye si muntu wa kuomba musaada, ni bantu njo banakuyaka kwangu kuomba, lakini hii mara nakuomba weye, ju bibi yangu Hortense amechoka kubishana na minye na anasema niende nikabishane na redio. Hii barua naandika na mukono yangu mwenyewe. Sikumaliza masomo, lakini kichwa yangu inapita ya benye walimaliza, na kama unaona kosa, ni ya bic, hii kalamu, haiko yangu.

Jina yangu usiiseme. Sema tu ni ule muzee wa Shituru mwenye alipandaka na kinga ile mulima ya njia ya Kambove bila kushuka chini, bibi nyuma, mufuko ya bunga mbele, na alikuwa anaimba. Kinga ni baiskeli, nafasiria vile ju ya bageni benye banasikilizaka redio yako.

Ile kinga ingali kwangu, mu salon, karibu na televizio, ni ya chuma ya zamani, nyeusi, nzito, haiko kama hizi za leo zenye zinavunjika ukikohoa karibu yazo. Siipande tena, na si ju ya magoti, hapana, magoti yangu ni ya kijana, ni ju ya bale batoto ba taxi-moto, ba pikipiki, habana adabu, banapita karibu na sikio ya mukubwa bila kusema hata jambo, nikasema basi, njia niwaachie. Cheni ilikatika, sikuitengeneza. Lakini kila siku ya Mungu, kila Jumapili, naitosha inje na naisukuma mpaka ku kanisa, mukono moja ku gido, pale pa kushikia, mukono ingine ku kiti yake, polepole, ju muntu wa heshima hatembeake mikono bule. Bantu banasema: «Muzee, kinga yako ingali nguvu!» Minye naitika tu na kichwa.

Hortense yeye ananiambia:

«Baba Providence, hii kitu haipandwe, haiendeshwe, inakula tu nafasi ya friji yangu. Uiuzishe.»

«Mama, friji itanipeleka ku kanisa?»

«Na kinga inakupeleka? Si weye njo unaipeleka?»

Ni mwanamuke wa mudomo, lakini anapikaka muzuri.

Binti yetu Providence, ule wa Lubumbashi, alisikia haya maneno akatuma fimbo. Fimbo muzuri kweli, na mupira chini. Sasa minye na fimbo, Mama? Minye wa mulima ya Kambove? Niliitia ku mulango ya nyumba ya kuku, inafunga muzuri sana.

Halafu Jumapili iliyopita, pale njia inashuka kwenye reli, kinga ikanivuta, fre zake, zile za kuisimamisha, hazishike tena, tukateremuka bote wawili mbio mpaka mu beseni ya mama moja wa mikate, nikamuambia nilikuwa napima mbio ya kinga, nikanunua ile mikate yenye ilianguka, Hortense alilia, na mikate haikuwa hata na sukari ya kutosha. Toka pale ni kuuzisha, kuuzisha, kila asubui. Na minye najiuliza, nikiiuzisha, nitaonekana namna gani siku ya Mungu mbele ya bantu?

Sasa sikia shida yenyewe. Kuko Radjabu, Muislamu, baba yake alitokaka Kasongo, eko na duka kwenye kona, pale napitaka kila Jumapili. Tunajuana tangu tuko na meno yote, ananicheka, namucheka. Zamani alikuwa na kelele, lakini siku hizi amekuwa mupole, Ijumaa anaenda muskiti anagusagusa kuta za nyumba za bantu kama fundi mwenye anataka kuzipaka rangi. Alisikia kwa Hortense, akakuya kwangu mu lupango, mu kiwanja ya nyumba.

«Clovis, nasikia unauzisha ile gari yako.»

«Nani amesema nauzisha?»

«Nionyeshe tu, bwana.»

Nikaitosha. Mama, hapa usikilize muzuri. Hakuuliza cheni. Hakugeuza pedale. Hakupanda. Alishika gido, akalaza mukono ku kiti, akatembea nayo mpaka ku choo na kurudia, amefunga macho kidogo, kama muntu mwenye amekunywa chai ya moto.

«Wallahi,» anasema, «urefu wake unanifaa.»

«Urefu ya nini? Hata cheni haina!»

«Cheni ya nini?»

«Radjabu, unataka kinga ao unataka kunicheka?»

«Weye muzee taja bei, usinipigie kelele mbele ya kuku.»

Minye si mujinga. Hapa kwetu, muntu akinunua kitu bila kuuliza kitu, ni kusema ndani kuko kitu. Tulisikia ya bantu benye banachimba madini mpaka chini ya kitanda yao. Nikawaza: hii chuma ni ya wakati wa Babelgi, pengine walichanganya na cobalt, na Radjabu amepata habari. Nikachukua musumari, nikakwangua chini ya kiti, unga ikatoka, nikaifunga mu karatasi, nikaipa Merdi, mutoto wa dada yangu, mwenye anachimbaka Kambove, aipeleke ku depo ya banunuzi ba madini, kwenye kuko ile mashini ya kupima mawe.

Merdi akarudia anashika tumbo na kicheko. «Mujomba, mashini inasema ni rangi na kutu.»

«Si weye mwenyewe unasemaka hiyo mashini ya banunuzi inaibia bantu?»

Akachukua kofia yake akaenda. Unaona? Basi niliendelea kukwangua upande ingine, na ingine, sasa kinga iko madoadoa kama mbuzi.

Mama Christiane, niambie: niuzishe ao niiache? Na Radjabu ameona nini mu kinga yangu? Ujibu mbio, ju Hortense alishapima nafasi ya friji na kamba.

Ni minye, ule muzee nilikuambia.

Mama Christiane anajibu

Muzee Clovis, uliniomba nifiche jina lako na ningelificha, lakini Radjabu amelitaja ndani ya barua yako mwenyewe. Tena muzee wa mulima wa Kambove, nani asiyemujua mu muji wetu muzima wa Likasi? Ulishaimba ile safari kwa kila muntu.

Kwanza, weka musumari chini. Hakuna cobalt mu kinga yako. Mashini ya banunuzi inaweza kudanganya mambo mengi, lakini kutu inaijua.

Unauliza Radjabu ameona nini. Ameona weye, papa. Kila Jumapili, kwenye mulango wa duka lake, anakutazama ukipita umenyooka, mukono moja ku gido, mukono moja ku kiti, na bantu wanakupa heshima. Ijumaa ikifika, yeye anashikilia kuta za majirani. Mwanaume anayepima baiskeli kwa urefu na hataki cheni, hatafuti baiskeli. Anatafuta kitu cha kuegemea ambacho hakiitwi fimbo. Alikitafuta sana, akakiona kwako, kwa sababu ni muzee mukaidi kama weye.

Usikasirike. Hakuna ubaya kuegemea chuma chako. Lakini hapa nitakugombeza. Unasukuma kitu kizito namna ile kwenye muteremuko, bila fre, katikati ya bamama wenye kuuza! Ule mama angekuwa na mutoto mugongoni, leo ungekuwa unaniandikia barua gani? Na uliandika «Hortense alilia» katikati ya maneno ya mikate, ukapita kama hukuona. Papa, Hortense hakulia ju ya friji. Aliona mume wake anakokotwa na chuma mpaka kwenye reli. Leo, kabla ya kula, umuambie pole.

Sasa sikia namna utakavyofanya, na usinibishie, redio haisikii.

Kinga usiiuzishe, na mu salon isirudi. Ipeleke kwa fundi aitie fre mpya mbele na nyuma. Kama fundi hajamaliza, Jumapili uombe nyumbani, Mungu anajua mulango wako. Ikitoka kwa fundi, iende ikalale kwa Radjabu, nyuma ya duka, na Hortense aingize friji yake bila kusukumana. Ijumaa ni ya Radjabu kwenda muskiti. Jumapili ni yako kwenda kanisa. Siku zenu za kuomba hazigongane hata kidogo, na nyinyi wawili mulikuwa tayari kuingia mu biashara na mu mashindano!

Fimbo ya Providence uitoshe ku nyumba ya kuku, utie kipande cha muti pale. Uitumie ndani ya nyumba, ukienda choo, ukiamka ku kiti. Mule hakuna mwenye kukuona isipokuwa Hortense, na yeye alishakuona.

Kwa Radjabu utaenda weye wa kwanza, ju kinga ni yako. Usimuambie mambo ya bei. Kaa chini pale dukani, uombe maji, halafu umuulize: «Radjabu, goti yako ni ya kuume ao ya kushoto?» Atakana. Atasema hana shida, atasema anaangalia tu kuta za bantu kama ziko nguvu. Umuache aseme, halafu upandishe suruali, umuonyeshe ya kwako.

Najua kitu kitakachofuata, nawajua bazee wa Shituru: mutaanza kubishana goti ya nani njo inauma zaidi. Muzee Clovis, ile mulima ilishakuwa yako na hakuna mwenye atakunyang'anya. Kwa goti, nakuomba, umuache Radjabu ashinde.