Samaki Mzima

Bwawani, kuelekea Athi River
Jumapili jioni

Mwaitu, mama yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa jina la Bwana, wewe na wote walio chini ya paa letu. Shuleni tulifundishwa kwamba baada ya salamu mtu huandika "mimi ni mzima, sijui wewe." Leo nimeliruka neno hilo makusudi. Si kwamba ninaumwa, hata kile kikohozi cha vumbi kiliisha. Ni neno lenyewe limenitia uchungu, na ukinivumilia utaona kwa nini. Mdogo wangu Mwende akikusomea mwambie asiruke mistari, hata akichoka.

Je, mvua imefika Muthetheni? Huku mawingu hupita juu yetu yakienda kunyeshea wengine. Mgongo wa bibi yetu Susu unaendeleaje? Na yale mahindi ya msaada mliyopangia foleni kwa chifu, mliyapata au yaliishia tena mbele yenu?

Mwende aliniandikia kwamba majirani wanacheka, eti binti wa Mkamba ameenda kuwa mvuvi. Waambie wasicheke bure, sijavua hata mmoja. Mimi ni wa jikoni, chai na vyombo. Tena hapa klabuni havuliwi samaki wa kuliwa. Najua hilo ni gumu kuelewa, hata mimi lilinichukua muda.

Ni hivi. Jumamosi wanakuja wanachama kutoka Nairobi na magari yao, wamevaa kofia na vizibao vyenye mifuko mingi. Wanatupa mishipi bwawani na kungoja. Samaki akinasa wanapiga kelele kama waliofunga bao. Anavutwa, anatolewa ndoano mdomoni, anapimwa kwenye mizani, anapigwa picha mikononi mwa aliyemshika, halafu anarudishwa majini na mdomo wake uliopasuka. Wiki ijayo anavutwa tena na mwingine.

"Mbona hawamli?" nilimuuliza Mama Mbithe siku ya kwanza.

"Wameshiba. Wewe ukishiba huwezi kuchezea chakula?"

Mama Mbithe ndiye anayefagia na kufua hapa, au niseme aliyekuwa anafagia. Ni mjane kutoka upande wa Kangundo, ana watoto watatu katika chumba cha kukodi nje ya lango. Nilipofika nilikuwa naogopa hata kuuliza choo kiko wapi. Yeye alinishika mkono akawaambia wale wa jikoni, "Huyu sauti yake imebaki Muthetheni, italetwa na gari la kesho." Wakacheka, na mimi nikacheka, na tangu siku hiyo nikawa na mtu.

Sasa, si kila samaki anayerudishwa huishi. Wengine wameimeza ndoano hadi ndani, wengine wamekaa nje mno wakipigiwa picha. Jioni unawakuta kwenye matete, tumbo juu. Sheria ya klabu ni kwamba hao wasiliwe na mtu. Wafukiwe nyuma ya jikoni. Mwenyekiti alisema wafanyakazi wakionja waliokufa, basi samaki watakuwa wanakufa kila siku. Atakayekutwa na mfu ataonywa. Atakayekutwa na aliyemvua mwenyewe atafukuzwa.

Kazi ya kufukia ilikuwa yangu na Mama Mbithe. Mimi nachimba, yeye anasimama na ufagio kama mchungaji na fimbo yake. "Bwana alitoa," anasema, "Bwana Mwenyekiti akatwaa, na sisi tunafukia. Mumbua, sema amina." Nilikuwa nacheka hadi jembe linaniponyoka. Lakini usiku wa siku ile barua ya Mwende ilipofika na habari za foleni, sikucheka tena. Nyinyi mnapangia mahindi yenye wadudu, na mimi nimeshika jembe nafukia nyama.

Najua utasema kwetu samaki si nyama. Susu akisikia makuyu, yaani samaki, yakitajwa hutema mate kando na kusema hao ni nyoka waliosahau sumu. Na mimi nilikuja na woga huo. Ila siku moja Mama Mbithe aliniwekea kipande kidogo juu ya ugali, cha samaki wa sokoni, akaniambia, "Kula, Susu haoni." Nilikula. Hakuna nyoka ndani yake, Mwaitu. Kuna mifupa mingi tu.

Wanachama wenyewe hawapatani juu ya jambo hili. Kuna mzee mmoja mstaafu, sisi humwita Mzee wa Kofia. Nikiwaandalia chai barazani namsikia: "Mungu hakuumba samaki ili apigwe picha. Ukimvua, mle. Hutaki kumla, muache aogelee." Mwenyekiti humjibu kwamba tukila kila tunachovua, mvua mbili zijazo bwawa litakuwa matope matupu, na watoto wetu watavua vyura. Nimelifikiria sana neno hilo, na nakiri lina ukweli. Hata Babu alipokuwa akirina asali kwenye mizinga yake aliwaachia nyuki masega, akasema anayekomba yote anakula hadi mzinga. Lakini Babu sikumwona hata siku moja akipanda mti, akiwasumbua nyuki kwa moshi, akiinua sega alitazame, na kulirudisha bila kulamba, eti ni mchezo. Alichokitoa kililiwa. Alichokiacha hakukigusa. Nafikiri ukweli uko hapo katikati, lakini ni nani atamuuliza mpika chai?

Basi jana asubuhi Mwenyekiti alimpata samaki mkubwa kuliko wote nilioona hapa. Walikimbia na kamera kutoka kila upande. Alimkumbatia kama mtoto wa kubatizwa, akambusu kichwani, kweli kabisa, halafu akamrudisha majini akipunga mkono: "Nenda baba, tukutane mwaka ujao!" Watu wakapiga makofi.

Mchana nilienda kuchota maji, nikamkuta kwenye matete. Tumbo juu, macho meupe, damu kwenye matamvua. Nilimwita Mama Mbithe. Alimtazama muda mrefu bila mzaha wowote, akasema, "Huyu simfukii. Watoto wangu wamelala na uji siku mbili." Akamfunga kwa leso, akamweka ndani ya kiondo chake, chini ya matambara ya kufagilia.

Jioni mlinzi wa lango akapekua kiondo. Huyo mlinzi huimba naye kwaya moja. "Mama, kazi ni kazi," akamwambia. Mama Mbithe akamjibu, "Na njaa ni njaa, ndugu. Wewe shika yako, niachie yangu." Hakumwachia.

Leo asubuhi tukaitwa barazani. Mwenyekiti amekaa katikati, wanachama huku na huku, yule samaki ameletwa kutoka friji na kuwekwa kwenye sinia kama aliyeshtakiwa naye. Mama Mbithe alisema alimkuta amekufa. Mwenyekiti hakutaka kusikia hivyo. Uso wake ulibadilika. Yule ni samaki wake, aliyembusu mbele ya watu, na amekwisha kuwaambia wote kwamba ataishi hadi mwaka ujao. Ikiwa alikufa siku ile ile, basi aliyemuua ni nani?

"Huyu mama aliingia na wavu nilipogeuka," akasema. "Muulizeni msichana. Alikuwepo."

Macho yote yakanigeukia. Mwaitu, unanijua. Hata darasani nilijibu nikitazama dawati.

"Wewe msichana," akaniuliza, "wakati mama anaweka hii samaki kwa kiondo, ilikuwa mzima?"

Nilitazama sinia. Kichwa kipo, mkia upo, hakuna palipokatwa. Nilidhani wanataka kujua kama tulikuwa tumeshamkata na kugawana. Nikajibu ukweli niliouona: "Ndiyo. Alikuwa mzima."

"Mmesikia," akasema Mwenyekiti.

Nilipoona Mama Mbithe amefumba macho ndipo nikaelewa nimesema nini. Mzima wangu ulikuwa wa mkate usiokatwa. Mzima wake ulikuwa wa kiumbe kinachopumua. Nikasema, "Samahani, nilitaka kusema hakukatwa." Sauti haikutoka. Nikarudia, na safari hii ilitoka, Mwaitu, ilitoka yote iliyokuwa imebaki Muthetheni: "Alikuwa amekufa! Mimi ndiye niliyemwona kwanza. Alikuwa kwenye matete, tumbo juu!"

Nilimtazama Mzee wa Kofia, yule wa "ukimvua, mle." Alikuwa anakoroga chai yake, na sukari ilikuwa imeyeyuka zamani.

Mwenyekiti hakunikasirikia hata kidogo. Afadhali angenikasirikia. Alinisukumia birika, akasema, "Umeshajibu. Hii chai imepoa, lete nyingine."

Nikaileta. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Niliileta, na sikumwaga hata tone.

Mama Mbithe alifukuzwa pale pale. Nilimfuata hadi langoni nikilia. "Nyamaza," akaniambia, "Kiswahili si cha mama yako wala si cha mama yangu. Ningekuwa wewe ningesema ameoza, tuone angebadilisha vipi." Alitaka kunichekesha. Kisha akakikung'uta kiondo mbele ya mlinzi, aone ni kitupu, akaenda.

Na yule samaki nimemfukia peke yangu. Hakukuwa na wa kuniambia niseme amina.

Kuna moja zaidi. Saa ya chakula cha mchana mpishi alinipa boksi kutoka kwenye friji. Wanachama walikuwa wameagiza samaki, wamenunuliwa Nairobi, wamegandishwa kama mawe. Nimewakaanga mimi. Mwenyekiti alikula wawili akawasifu wapishi. Yaani wanajua samaki ni chakula. Wanajua sana. Ni chakula chao.

Sasa nisikilize nilichoamua, na usinikasirikie. Kazi siiachi, kwa sababu najua nyumbani mnaitegemea. Lakini sitafukia samaki mwingine. Atakayekutwa tumbo juu nitampeleka mwenyewe kwa watoto wa Mama Mbithe, mchana, mkononi, bila kiondo wala leso. Nikiulizwa nitasema neno lisilo na maana mbili: amekufa, mmemuua, na anaenda kuliwa. Sijui kama sauti itanitosha. Leo ilitosha ikiwa imechelewa.

Nisalimie Susu, umwambie simlazimishi kula nyoka wake. Msalimie Babu, umuulize mizinga ile ya mtoni kama nyuki wamerudi. Msalimie shangazi wa Tala anayeuza mitumba, na mwalimu wangu wa shule ya Jumapili, aliyekuwa akiniambia nisome kwa sauti zaidi. Mwende nampa kazi: akifika hapa asome tena yote pole pole.

Ukinijibu, usiniandikie tu kwamba mko wazima. Niandikie kama mmekula. Na ukiniona nashuka njia ya Muthetheni kabla ya Krismasi, sanduku kichwani, ujue kuna samaki mwingine aliyekufa, na mara hii niliulizwa nikajibu vizuri.

Ni mimi bintiyo,
Mumbua