Endiinzi Haiko Njia ya Mbarara

Papa,

Salamu nimeziacha makusudi. Nina hasira na wewe, na hasira hii haiwezi kungoja nimalize kukujulia hali.

Kwanza nikuambie watu wanasema nini hapa kambini Juru. Wanasema umeuawa na pikipiki yako. Eti kitu kinachotembea kwa umeme, bila moshi wala mlio, si cha Mungu. Mama mmoja wa kwaya alisema hivyo kwenye matanga yako, huku sahani ya wali wetu iko mkononi mwake. Nilitaka kumnyang'anya. Siku uliyoanguka, pikipiki ilikuwa kwa fundi kule Base Camp, kwenye ofisi za kambi, inachajiwa. Wewe ulikuwa shambani, umeshika jembe, kwenye maharagwe. Majirani walikupandisha kwenye baiskeli, mmoja anasukuma, mwingine amekushika kiuno, na huko kliniki wakatuambia ni presha, imepasua mshipa kichwani. Presha, Papa. Mimi sikujua hata kama unayo.

Nilichojua mimi ni safari. Ulikuwa unaniita asubuhi, "Faida, kuja tuone inchi," nami najifunga kitambaa kichwani napanda nyuma. Tunashika vinjia vya ng'ombe kuelekea Endiinzi, kilima baada ya kilima, hatusikii kitu ila mawe madogo chini ya tairi na ndege kwenye miiba. Pale juu, ziwa linapoonekana nyuma yetu, lazima usimame. Ulisema milima ya hapa imenyolewa, ya kwetu Kivu ndiyo ina nywele. Ng'ombe hawakusikia tunakuja, kwa hiyo uliwaimbia nyimbo za kanisani kwa sauti kubwa ili watupishe na yale mapembe yao. Mchungaji mmoja wa ng'ombe alituuliza, "Mzee, hii pikipiki yako imezima ama inatembea?" Ulicheka mpaka ukajishika kifua. Sasa najiuliza kama kweli ulikuwa unacheka.

Huko huko, mahali ambapo hakuna wa kutuona, ulinifundisha kuiendesha. Nilijivuna, Papa. Watu wengine wa kambi wanatoka nyumbani kwenda kupanga foleni. Mimi baba yangu ananitoa kwenda kutazama milima!

Baada ya mazishi, Mama alianza kuumwa kichwa. Kliniki ya Base Camp ikampima, na yeye presha iko juu, tena juu sana. Wakamwandikia aende hospitali kubwa ya Mbarara. Akakataa. Nilimbembeleza, nikamletea mama mchungaji, akakataa. Tulikuwa tunaosha masufuria ya matanga aliponiambia sababu: "Papa yako alikuwa anakwendaka kule kila mara, na alikufa tu. Mie niende kutafuta nini?"

Nikamuuliza, kule wapi?

Mama alishika sufuria akanitazama. Ndipo tulipojua, sisi wawili, tumepiga magoti kwenye maji machafu. Kila siku uliyoniambia tunakwenda kuona nchi, yeye ulimwambia unakwenda kwa daktari Mbarara, na Faida anakusindikiza. Jioni unarudi na vumbi hadi kwenye nyusi unamwambia, "Munganga anasema damu inatembea muzuri." Naye anashukuru Mungu, anakupashia maji ya kuoga.

Endiinzi haiko njia ya Mbarara, Papa! Hata kuku wa Juru wanajua. Mbarara yenyewe tulifika mara moja tu, kununua tairi. Tulipita mbele ya geti la hospitali ukaongeza mwendo, nami mjinga nikadhani unakwepa malori.

Uliogopa nini? Ulitutoa Kivu risasi zinalia, umenibeba mimi huku na godoro huku. Halafu ukaogopa kile kitambaa wanachokufunga mkononi kukipampu? Na mimi ulinitumia. Mama alikuwa anaona niko nyuma yako, roho yake inatulia. Ulinipakia kama kifurushi cha kumdanganyia mke wako. Na kinachoniuma kuliko vyote ni kwamba zile safari zilikuwa tamu. Siwezi kuzifurahia tena na siwezi kuzitupa. Umeniharibia kitu kizuri ulichonipa mwenyewe.

Nilimwambia Mama kila kitu: kilima, maziwa tuliyokunywa sokoni Endiinzi, nyimbo za ng'ombe. Hakulia. Alirusha mfuniko wa sufuria ukagonga mlango wa jikoni, kisha akaendelea kuosha.

Tulipoondoa matanga, familia ilikaa kugawa vitu vyako, kama desturi. Baba mdogo alichukua koti lako, halafu akasema pikipiki ataiondoa na yeye, maana msichana harithi pikipiki, na hii ina mkosi juu yake. Nilifungua mdomo kumjibu vibaya mbele ya wazee. Mama akaniwahi. Hakuinua hata sauti: "Pikipiki itabakia hapa, fasi iko. Faida atanipeleka kwa munganga." Baba mdogo alilikunja lile koti. Wazee wakapita kwenye mambo ya mbuzi.

Kesho tunaondoka alfajiri. Betri imejaa, nimeihakikisha mwenyewe. Nitampitisha Mama njia kubwa, ile ya malori, na tukifika kwenye lami nitabaki kwenye lami. Hakuna cha kutazama kule, nami sitasimama kutazama. Hata akiniambia amechoka, hata akianza kuogopa kama wewe na kuniomba tugeuze, nitaingia naye getini, nitakaa naye kwenye benchi, na nitasikia kwa masikio yangu daktari anasema nini. Hilo nakuahidi.

Kwaheri, Papa. Pumzika. Kukusamehe bado sijaweza, na sitakudanganya kwamba nimeweza.

Binti yako,
Faida