Baba wa Kwenye Kinyago

Ulyankulu, 9 Februari 2025

Baba Konso mpenzi,

Habari za Japani, baridi imepungua? Sisi wazima, ila mgongo unaniuma. Navuna tumbaku nimembeba mwanao. Baba yako, Mzee Viktori, anakusalimu.

Konso ametimiza miaka miwili, hajawahi kuuona uso wako. Picha zote za besiboli umechuchumaa nyuma ya mpigaji mwenye gongo, umevaa kile kinyago cha waya cha mdakaji mpira. Jana sokoni alimwona fundi wa kuchomelea mageti amefunika uso, akamkimbilia: "Baba!" Watu wakacheka. Nikacheka nao, halafu nikaenda kusimama nyuma ya kibanda.

Tuma picha ya uso. Jirani yetu Advera ataipiga picha barua hii akutumie kwa simu yake.

Mkeo, Mama Konso


Japani, 1 Machi

Mama Konso wangu,

Pole na mgongo. Mimi mzima, mazoezi tu yamebana. Mdakaji havui kinyago ovyo, bibie! Pokea picha mpya.

Mumeo, Baba Konso


Ulyankulu, 20 Mei

Baba Konso,

U mzima kweli? Miezi miwili kimya. Ile picha "mpya" ni ya mwaka jana. Doa la gotini ni lile lile. Dismasi, unacheza au huchezi? Padri atabatiza watoto tarehe 15 Agosti, Konso akiwemo. Nijibu.

Mama Konso


Japani, 7 Juni

Mke wangu,

Natumaini hamjambo. Nilicheza mechi nne tu za kulipwa. Ya nne mpira ulinivunja kidole gumba, Oktoba mwaka jana timu ikaniacha. Sasa napakia masanduku ya samaki. Ulyankulu nzima ilinisindikiza kwa ngoma. Nirudi niseme nini?

Mumeo


Ulyankulu, 15 Juni

Baba Konso,

Pole na kidole, kimeunga vizuri? Sisi tupo.

Mechi nne ni nne. Nani mwingine hapa kacheza hata moja? Ila ulinificha, na hasira ninayo bado. Miezi yote hiyo nilikuwa naringa kwa Advera.

Uje ubatizoni. Mzee yuko tayari kusimama badala yako, mimi ndiye nimekataa. Watu watakusema siku mbili, halafu vitalu vya tumbaku vitaanza, kila mtu atainama kwenye chake.

Kinyago usikiache huko. Ukifika uani kivae, Konso akukimbilie. Akishakukumbatia miguu, kivue polepole.

Akilia, usikivae tena.

Mkeo, Mama Konso