Paka, Mbwa na Viatu vya Tarsis

Jumanne, 1 Novemba 1983

Leo nimeanza Kiingereza. Mwalimu ni Tarsis, mpangaji mpya wa chumba cha uani. Katoka Songea, kafika kidato cha nne, ana shati moja la maana. Eti atanifundisha bure. Bure? Hapa Kariakoo hata maji ya kunawa yana mwenyewe.

Lakini nakihitaji. Ofisi moja ya kutoa mizigo bandarini inatafuta karani, na intavyuu ni kwa Kiingereza. Mimi la saba tu, ila kichwa kama hiki wanacho wachache. Na lazima niipate. Wasio na kazi wanasombwa na karandinga kupelekwa mashambani. Mimi na jembe wapi na wapi.

Alhamisi, 3 Novemba

Somo: give up. Give ni kupa, up ni juu. Tarsis anasema zikikaa pamoja ni kukata tamaa. Nikamuuliza, ukimpa mtu kitu juu, tamaa umeikata saa ngapi?

"Bwana mdogo, usiyapime moja moja. Yameze kama yalivyo."

Kumeza bila kutafuna — ndivyo watu wanavyolishwa sumu.

Kisha borrow na lend. Kwetu yote ni kuazima, anayetoa na anayepewa. Waingereza wametenganisha. Hapo nimewaelewa. Hawaaminiani.

Jumamosi, 5 Novemba

Leo kapita kiasi. Eti mvua kubwa ikimwagika, Mwingereza anasema inanyesha paka na mbwa. Raining cats and dogs. Nimecheka mpaka shangazi Selina kaacha vitumbua jikoni kuja kuchungulia. Tarsis hakucheka. Mtu anayekudanganya bila kucheka ni wa kuogopwa.

Nikaenda dukani kwa mzee Ghanshyam kumuuliza binti yake, Jasvanti. Yeye Kiingereza kakisoma vizuri. Give up, kweli. Borrow, kweli. Paka na mbwa?

"Hiyo sijapata kusikia, Nassibu. Nani kakwambia?"

Ahaa. Ndivyo wanavyopanga nyanya hapa sokoni. Nzuri juu, zilizooza chini.

Jumatatu, 7 Novemba

Nimemjua! Shangazi ndiye kaniambia, tena huku anageuza vitumbua kama si neno: "Mwalimu wako kaomba pasi anyooshe shati. Naye Alhamisi anaenda bandarini, kazi hiyo hiyo. Hukujua?"

Nafasi ni moja.

Nikamfuata uani. Mbona hukuniambia? Akasema sikumuuliza. Kisha akasema, "Mimi pia sina kazi, Nassibu. Karandinga halichagui." Halafu akatazama miguu yangu. "Una viatu?"

Nina kandambili. Anajua.

Kasema ataingia yeye kwanza, akitoka atanivulia vyake. Nikasema asante, kaka. Moyoni nikasema, na ukitokea mlango wa nyuma?

Alhamisi, 10 Novemba

Naandikia kwenye benchi la ofisi. Waliokaa nami wanadhani napitia masomo. Mmoja kajaribu kuchungulia, nimemkata jicho. Kandambili nimezirudisha chini ya benchi.

Tarsis yuko ndani. Nilizunguka kuangalia — mlango wa nyuma upo. Nilijua.

Nimeshaamua. Nikiulizwa ya paka na mbwa, nasema ni watu wawili wanaogombana. Hiyo angalau inaingia akilini.

Mbona anakawia.

Katoka. Kwa mlango huu huu. Shati lote jasho mgongoni. Kakaa, kafungua kamba, kavisukuma viatu upande wangu kwa mguu.

"Wanauliza ile ya paka na mbwa," kaninong'oneza. "Jibu mvua."

Nikamtazama usoni. Hacheki.

"Na wewe umejibu nini?"

"Vaa. Watakuita sasa hivi."

Kachukua kandambili zangu, kazivaa. Haondoki. Kakaa tu hapa, anatazama sakafu, kama ananisubiri.

Karani kachungulia na kuita jina langu. Nimemwonyesha mguu mmoja bado mtupu, kasema nifanye haraka.

Viatu bado vina joto lake. Vimenitosha kabisa. Hicho ndicho kinachonitia wasiwasi.