Usiseme Alikuwa Kericho

Kisii Mjini

Dada yangu mpendwa Mghoi,

Nakusalimu katika jina la Bwana aliyetulinda sote mpaka leo. U hali gani, na lile goti linakuruhusu kushuka shambani? Kifua cha shemeji kimetulia? Huku kwetu mvua hunyesha kila alasiri kama imeajiriwa, nami bado niko na cherehani yangu barazani kwa duka la Mhindi, nashona yunifomu za shule.

Barua yako ilinikalia moyoni. Umesema Mwadime, tangu atoke jela kwa kumvunja mkono yule kijana wa jirani, anataka kusomea kazi ya probesheni, ya kuwafuatilia watu ambao mahakama imewaacha watumikie adhabu nyumbani. Na baba yake amemkatalia, eti serikali haimpi kazi ya sheria mtu aliyevaa nguo za jela.

Basi nikusimulie habari za jirani yangu Moraa. Ameolewa Magwagwa, upande wa Nyamira. Zamani, kwa ugomvi wa mpaka wa shamba, aliitia moto ghala ya wimbi ya Kerubo, mke wa kaka ya mumewe. Akafungwa. Alipotoka alijitolea kwenye ofisi ya probesheni, kwanza kufagia tu, halafu kuwaongoza maafisa vijijini. Dada, ungemwona. Jumamosi ni ya kanisa, maana ni Msabato wa kweli, lakini siku nyingine huenda kwa miguu mpaka kwa wale wasiotakiwa na mtu. Huketi jikoni akamenya ndizi na mama mwenye nyumba, haulizi kitu, mpaka mama mwenyewe aanze kusema.

Nafasi ya msaidizi ilipotokea, akaomba. Mbele ya wakubwa alieleza kifungo chake mwenyewe, hakupunguza neno. Wakamwambia vizuri, tutatuma mtu akaulize kwenu.

Mtu akafika Magwagwa. Baba mkwe akamjibu, "Moraa? Jela? Aa-a. Huyo alikuwa Kericho, akichuma majani chai." Mama mkwe akadakia kwamba ni kweli, hata sukari aliwaletea. Shemeji yake mdogo naye akasema ni Kericho, ila alikuwa anamuuguza shangazi. Walisema kwa mapenzi kabisa. Kwa watu wa huku, kumwaibisha mke wa boma mbele ya mgeni ni kujivua nguo wewe mwenyewe.

Mkubwa wa ofisi akamwita. "Moraa, najua wewe umesema kweli. Lakini nyumba inayoficha jambo bado haijalimaliza. Nitakutuma vipi kwenye nyumba za wengine?" Akampa mpaka mwisho wa wiki alete mtu wa kwao wa kumsemea.

Alikuja akaketi kando ya cherehani, nikadhani amefiwa. Nikamwambia, "Si uende umwombe mzee aseme ukweli?"

"Mama Grace," akaniambia, "mimi nimwambie baba mkwe wangu alidanganya? Kwa mdomo gani?"

Huku baba mkwe na mke wa mwanawe wana heshima yao, hata kupishana njiani ni kwa adabu. Neno kama hilo halitamkiki. Tukaomba pamoja. Asubuhi akaondoka, lakini hakwenda kwa mzee. Alikwenda kwa Kerubo.

Kerubo alikuja ofisini mwenyewe, na mimi nilikuwepo, nimemsindikiza Moraa. Ni mwanamke mfupi, mwenye sauti ya soko. Hakungoja kupewa kiti.

"Mimi ndio ghala yangu ilichomwa," akasema. "Na huyu ndio alichoma. Wazee wetu wanaona haya, muwasamehe. Huyu alipotoka jela alikuja kunilimia bila kuitwa, mimi namtukana kutoka mlangoni, yeye analima tu. Msimu mwingine tena akaja. Mwisho nikachoka kutukana. Nikapika ugali ya wimbi, nikamwita, tukakula kwa kikapu moja. Kama mnatafuta mtu anajua kukaa na mtu asiyemtaka, ni huyu."

Mkubwa akamsogezea kiti. "Na wewe mama, kazi hutaki?"

"Mimi nataka chai," Kerubo akasema. "Nimetoka mbali."

Moraa ameanza kazi, dada. Ni kwa kujaribiwa kwanza, lakini ameanza. Sketi ya kazini nimemshonea mimi, na kila akipita nayo hapa barazani namshukuru Mungu.

Sasa, najua shemeji huwaambia watu wa kanisani kwamba Mwadime alikuwa Mombasa, bandarini. Simlaumu, ni mzazi. Lakini siku mtu wa ofisi atakapopanda huko mlimani kuuliza, asiseme Mombasa. Aseme, mwanangu alifungwa, na huyu hapa, tunakula naye. Na yule kijana wa mkono, Mwadime ameshakwenda kwake? Aanzie hapo, hata akitukanwa mlangoni.

Msomee shemeji barua hii akiwa ameshiba. Nisalimie mama yetu, mjomba fundi wa mawe, na wifi yangu wa kule bondeni. Mwadime mwambie mama yake mdogo anamwombea kwa jina.

Tafadhali nijibu upesi, uniambie shemeji amesema nini.

Mdogo wako,
Wakesho